SOMO LETU: KWA NINI MWENYE KARAFUU NI MASIKINI?



Katika mikutano ya matawi yetu msimu huu limeulizwa swali moja mara nyingi, kila mtu kwa maneno yake: karafuu ni zao la thamani na latakiwa nchi za mbali, basi kwa nini anayelilima hana kitu? Wengine hujibu kuwa ni majaaliwa. Wengine husema watu wa siku hizi ni wavivu. Wengine huwalaumu wafanya biashara, na wengine huilaumu Serikali, kila mmoja kwa kadiri alivyoumia.

Leo tutalitazama swali hilo kwa utaratibu, kama tunavyochambua karafuu: makonyo upande wake, karafuu upande wake. Twaomba somo hili lisomwe kwa sauti barazani, khasa kwa ajili ya wazee wetu ambao macho hayawasaidii tena. Mwisho wake pana maswali ya kujadiliana, kwani mkutano mkuu u karibu na yako mambo mawili yatakayotubidi tuyakate.

1. MAANA YA MANENO

Kwanza tujue tunasema nini. Tabaka si kabila, wala si dini, wala si heshima ya mtu. Tabaka ni mahali mtu alipo katika kazi na mali: ana nini mkononi, anamfanyia nani kazi, na nani humkatia bei. Ndugu wawili wa tumbo moja, wanaoswali safu moja, waweza kuwa katika tabaka mbili mbali mbali, mmoja akawa mwenye shamba na mwingine mchumaji wake.

Pili, umasikini. Sote twajua kuwa Suratut Tawba imetaja mafungu manane ya watu wanaostahili zaka. Fungu la kwanza ni mafakiri, na la pili ni masikini. Wanazuoni wa Kishafii wamewapambanua: fakiri ni yule asiye na kitu, au anacho kidogo kisichofika hata nusu ya haja yake, masikini ni yule mwenye kitu, au mwenye kazi, lakini hakimtoshi. Basi mtu aweza kuwa na miti, ana nyumba, ana jembe, na bado akawa masikini. Wengi wetu ni wa namna hiyo.

Na katika mafungu hayo manane wamo pia wenye madeni, nao wametajwa peke yao. Tulishike neno hilo, maana tutalirudia. Deni ni mlango wa umasikini ulio mbali na kukosa kazi na mbali na kukosa mali.

2. ZAO MOJA, TABAKA NYINGI

Mkarafuu si mti wa asili ya visiwa hivi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Kwetu uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19, ukapitia visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, ukapandwa Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan alipoona faida yake akahimiza watu wapande kwa wingi. Mti huu hauna haraka: huanza kuzaa baada ya miaka sita hivi au minane, na haujafika nguvu zake mpaka umri wa miaka 20 hivi. Kwa hivyo anayepanda lazima awe na chakula cha kungojea. Tangu siku ile ya kwanza, zao hili lilimtaka mtu mwenye akiba, au mwenye watu wa kumfanyia kazi bure.

Waliofanya kazi bure walikuwa watumwa, walioletwa kutoka bara. Wao walipanda, wakapalilia, wakachuma, na hapana aliyewahesabia ujira. Hiyo ndiyo tabaka ya chini kabisa iliyokuwapo katika zao letu, wala haifai kuisahau wala kuipamba.

Juu yao walikuwa wenye mashamba. Lakini hata hao, tukiangalia vizuri, si wote waliokuwa matajiri. Kufika miaka ya 1840 karafuu ilikuwa nyingi mno sokoni na bei ikaanguka sana. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ikaiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ikawa ndiyo ghala ya karafuu mpaka leo. Mwaka 1873 soko la watumwa Unguja likafungwa. Mwaka 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa katika sheria, na wenye watumwa wakalipwa fidia. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Wengi wao walibaki katika mashamba yale yale, wakipewa pahala pa kujenga kibanda na kupanda muhogo, na wao wakilipa kwa kupalilia mikarafuu. Uhuru waliupata, ardhi hawakuipata. Hapo twaona somo la kwanza: mtu akipewa uhuru bila ya chombo cha kutafutia riziki, huitoka tabaka moja na kuingia nyingine iliyo jirani yake.

Pemba ilikuwa na jambo lake. Huku wenyeji wengi walipata miti yao wenyewe, michache michache, kwa kuwa mashamba madogo na makubwa yalichanganyika mabondeni na vilimani. Kwa hivyo mkulima mdogo wa Pemba ni mtu wa zamani, wala hakuzaliwa juzi.

3. DENI

Tabaka ya tatu ilikuwa ya wenye fedha. Mwenye shamba alihitaji fedha za kupalilia na kulipa wachumaji kabla hajauza hata pishi moja. Palikuwa hapana benki ya kumkopesha mkulima. Aliyekuwapo ni mfanya biashara, aghlabu Muhindi, mwenye duka la nguo na mchele, naye alikopesha kwa rahani ya shamba.

Kwa kuwa riba ni haramu, palitumika njia iitwayo bei khiyari. Mwenye shamba aliandika kuwa ameliuza shamba lake, lakini ana khiyari ya kulikomboa kwa fedha zile zile katika muda waliopatana. Katika muda huo alikaa shambani mwake kama mpangaji, akilipa kodi. Kwa jina ilikuwa kodi. Kwa hesabu ilikuwa riba. Muda ukipita na fedha hazikupatikana, shamba limekwenda. Mavuno ya karafuu hayaendi sawa: mwaka mmoja miti huinama kwa uzito, na mwaka wa pili hutafuti gunia. Basi aliyefikiwa na siku ya deni katika mwaka mbaya alipoteza alichoachiwa na babu yake.

Tuwe waadilifu hapa. Mwenye duka naye mara nyingi alikuwa mdeni. Bidhaa zake alizikopa kwa matajiri wakubwa wa mjini, na wao walikuwa na hesabu zao Bombay. Bei ya karafuu ikianguka, deni liliteremka kama maji mlimani mpaka likamfika aliye chini kabisa. Tukisema kuwa sababu ni kabila fulani tutakuwa tumekosea ugonjwa, na dawa yetu haitafaa. Sababu ilikuwa ni mpango wenyewe: anayelima alipata fedha mara moja kwa mwaka, au mara moja kwa miaka miwili, na alikula kila siku.

4. SHERIA ZA MWAKA 1934 NA ZILIZOFUATA

Bei za dunia zilipoporomoka kuanzia mwaka 1929, madeni yakawa makubwa hata Serikali ya Himaya ya Kiingereza ikaingiwa na khofu. Mwaka 1934 zikatolewa sheria. Moja ilizuia ardhi ya Muarabu au Mwafrika isihamishwe kwa mtu asiye wa jamaa hizo bila ya idhini ya Serikali. Nyingine iliupa nguvu kubwa ule muungano wa wenye mikarafuu ulioanzishwa mwaka 1927, unaojulikana kwa herufi C.G.A. Mwaka 1937 ukapewa nguvu zaidi juu ya ununuzi na usafirishaji, na wafanya biashara wa Kihindi wakapinga. Huko India watu wakagoma kununua karafuu ya Unguja na Pemba, na India ilikuwa mmoja wa wanunuzi wetu wakubwa. Mwaka 1938 yakafanyika mapatano.

Faida ilikuwapo: mashamba mengi hayakunadiwa. Lakini tuulize, nani hakutajwa katika sheria zile? Mchumaji hakutajwa. Mkulima mwenye miti michache naye aliendelea kukopa dukani, maana mtoto akiumwa hangojei sheria. Muungano ule nao uliendeshwa kutoka juu, kwa amri ya Serikali, si kwa kura za wenye kupanda mikarafuu. Somo la pili ni hili: chama kinachomlinda mwenye mali peke yake hakiondoi umasikini, bali huuhamisha.

Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Ardhi ikawa mali ya Serikali, na tangu mwaka 1965 mashamba yakagawiwa eka tatu tatu kwa maelfu ya familia. Tabaka kubwa ya zamani ilivunjika, wengine wakapata walichokuwa hawajapata kukiota, na wengine wakapoteza walichokuwa nacho. Machungu ya siku zile bado yamo katika nyumba nyingi. Karafuu ikawa inanunuliwa na shirika moja la Serikali, na kwa miaka mingi mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei iliyopatikana nje.

Halafu likaja jambo ambalo halikutoka kwetu kabisa. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zao zinazotiwa karafuu. Wao wakapanda mikarafuu yao mingi, na kufika miaka ya 1980 wakajitosheleza. Bei ikaanguka. Mwaka ule ambao mkulima wa Pemba hakuona haja hata ya kupalilia, hakuwa mvivu. Alikuwa amepiga hesabu. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei sana na ikaahidi kuwa mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya dunia. Hapo mashamba yakapaliliwa na miche ikatafutwa. Basi yule mvivu alikwenda wapi?

5. TUTAZAME NA WENZETU

Huenda mtu akasema kuwa umasikini ni wa nchi zetu tu. Mwaka 1899 bwana mmoja wa Kiingereza, Seebohm Rowntree, mtoto wa mwenye kiwanda cha chokoleti katika mji wa York, aliamua kuchunguza hali ya watu wa mji wake nyumba kwa nyumba. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1901. Uingereza wakati ule ilikuwa dola kubwa kabisa duniani; hata hivyo aliona kuwa watu 28 hivi katika kila 100 wa York walikuwa masikini.

Akawagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza, watu 10 hivi katika 100, ni wale ambao hata wasipopoteza senti moja, chumo lao halitoshi kuutunza mwili. Fungu la pili, 18 hivi katika 100, ni wale ambao chumo lao lingeweza kutosha, lakini sehemu yake ilikwenda katika matumizi mengine, ya maana au ya upuuzi.

Kisha akatafuta sababu ya umasikini wa fungu la kwanza. Katika kila watu 100 wa fungu hilo, 52 walikuwa masikini kwa kuwa mchumaji wa nyumba alikuwa na kazi ya kila siku, lakini ujira ulikuwa mdogo. Watu 22 ni kwa sababu ya watoto wengi. Watu 16 ni kwa sababu mchumaji wa nyumba amekufa. Waliobaki, ni kwa maradhi au uzee, au kwa kukosa kazi au kupata kazi ya siku moja moja. Zaidi ya nusu, basi, walikuwa watu wa nyumba zenye kazi.

Tena aliona kuwa mfanya kazi wa chini huingia katika shida mara tatu katika maisha yake: anapokuwa mtoto, anapokuwa na watoto wake wadogo, na anapozeeka. Katikati hupata nafuu kidogo, akiwa kijana hajaoa, na watoto wake wanapoanza kuchuma. Kila msomaji na ahesabu nyumba saba za jirani zake, aone kama haya ni ya York peke yake.

6. SABABU ZILIZO KWETU LEO

Tukikusanya yote hayo, sababu za umasikini wa mwenye karafuu twaweza kuzitaja hivi.

(a) Shamba dogo linalozidi kuwa dogo. Eka tatu za baba, wakirithi watoto sita, hazibaki shamba. Zinabaki miti ya kuhesabu kwa vidole.

(b) Bei isiyo mikononi mwetu. Inakatwa kwa karafuu ya Indonesia, Madagascar na kwengineko.

(c) Mavuno yasiyo sawa.

(d) Msiba. Mchumaji huanguka kutoka juu ya mkarafuu mrefu, na nyumba nzima huanguka naye. Mjane hubaki na watoto na miti asiyoweza kuipanda.

(e) Matumizi ya msimu. Tusijifiche: fedha za karafuu huingia kwa kishindo na hutoka kwa kishindo. Hili ndilo fungu la pili la bwana yule wa York.

(f) Kuuza karafuu ikiwa bado mtini. Hili twataka kulieleza kwa urefu.

Tuseme yupo mtu, tumwite Juma. Mwezi wa Aprili mtoto wake anaumwa, na skuli inataka sare. Anahitaji sh. 150,000. Anakwenda kwa mwenye fedha, wanapatana kuwa wakati wa mavuno Juma atampa kilo 20 za karafuu kavu. Tuseme kituoni siku hiyo kilo moja inanunuliwa kwa sh. 14,000, bei hizi ni za mfano tu. Kilo 20 ni sh. 280,000. Juma amepokea 150,000 na amelipa 280,000. Gharama ya fedha hizo kwa miezi michache ni sh. 130,000.

Haikwishia hapo. Kwa kuwa anamdai, mwenye fedha anataka mzigo mapema, na Juma anachuma kabla karafuu haijakamilika na kuianika kwa haraka. Karafuu kavu ni kiasi cha thuluthi tu ya uzito wa mbichi. Iliyochumwa changa hupungua zaidi, na daraja lake huwa la chini. Mavuno yakimalizika, fedha iliyombakia haimfikishi Aprili ya pili. Anarudi pale pale. Mwaka wa tatu haulizwi tena anataka kiasi gani. Anaulizwa ana miti mingapi.

Wako wanaosema kuwa hii si riba, ni biashara ya salamu, ambayo sharia imeiruhusu. Ni kweli kuwa salamu ni halali. Lakini wanazuoni wameiwekea shuruti: fedha zote zitolewe pale pale, uzito ujulikane, sifa za bidhaa zijulikane, wakati ujulikane, wala isifungwe na matunda ya mti fulani au shamba fulani, kwani mti huo waweza usizae. Mapatano mengi tunayoyaona ni ya mti fulani. Hukumu yake tuwaachie masheikh wetu, nao tuwaulize bila ya haya. Ila hata mapatano yakiwa sahihi katika karatasi, aliyeyatia saini akiwa na mgonjwa mlangoni hakuwa na khiyari ya kweli.

7. YATUPASAYO

Ndugu Wanachama, sababu (b) na (c) haziko katika uwezo wetu. Ya (a) yataka miche mipya na mazao mengine pembeni ya mkarafuu, nayo tutayasomea siku nyingine. Sababu (d) na (f) twaweza kuzipunguza, tukitaka. Ndiyo maana Kamati italeta mambo mawili mbele ya mkutano mkuu.

La kwanza ni mfuko wa akiba wa kila tawi. Tawi lenye wanachama 40, kila mmoja akiweka thamani ya kilo mbili wakati wa mavuno, kwa bei ile ile ya mfano litakuwa na sh. 1,120,000. Hizo zatosha kuwakopesha watu saba sh. 150,000 kila mmoja katika miezi ya dhiki, na kubakisha kidogo kwa msiba. Atakayekopa atarejesha alichokopa, bila ya nyongeza. Gharama za daftari zitatoka katika ada ya mwaka. Watu saba katika 40 si wengi, lakini ni Juma saba ambao hawatauza karafuu mtini.

Hapa yatupasa tuseme lililo gumu. Miongoni mwa wanunuzi wa karafuu mtini wamo wanachama wenzetu. Hatuwataji wala hatuwatukani. Wengine wao hukopesha kwa huruma, na pasipokuwa na wao mgonjwa angekosa dawa. Lakini chama hakiwezi kuwa na mwanachama mmoja anayefaidika kwa dhiki ya mwenziwe kisha tukasema kuwa sote tabaka moja. Mfuko ukiwapo, wao watapata faida ndogo kuliko sasa. Huo ni ukweli, na bora usemwe mkutanoni kuliko kunong'onwa njiani. Mwenye fedha za kuzalisha anaweza kushirikiana na wenziwe katika majamvi, magunia na usafiri, faida na hasara wagawane.

La pili ni wachumaji. Hivi sasa asiye na miti hana nafasi katika chama chetu. Wako wanaouliza: mwenye shamba ataka ujira wa pishi uwe mdogo, mchumaji ataka uwe mkubwa, vipi watakaa jamvi moja? Jawabu ni kuwa wamekwisha kaa. Mwenye miti mitano, akimaliza yake, huenda kuchuma kwa jirani. Mkewe na binti zake huchambua kwa ujira katika nyumba ya tatu. Tena mchumaji anayelipwa vibaya huchuma kwa hasira na haraka, akavunja matawi, na tawi lililovunjika halizai mwaka ujao. Ujira unaojulikana na kutangazwa kabla ya mavuno ni faida kwa pande zote mbili. Historia tuliyoisoma imetuonyesha mwisho wa muungano uliomsahau mchumaji.

MASWALI YA KUJADILI BARAZANI

1. Nini tofauti ya fakiri na masikini? Katika mtaa wenu ni wepi walio wengi?
2. Kwa nini watu walioachwa huru mwaka 1897 walibaki masikini?
3. Katika sababu sita zilizotajwa, ipi inawaumiza zaidi wanachama wa tawi lenu?
4. Je, kila mwanachama aweke kiasi sawa katika mfuko, au kila mtu kwa kadiri ya miti yake?
5. Mchumaji akiwa mwanachama, apige kura katika mambo yote au katika baadhi tu?

Kila tawi liandike majibu yake na kuyaleta kwa Katibu kabla ya mkutano mkuu, yatiwe saini na mwenyekiti wa tawi. Tawi litakalokataa mfuko nalo liandike sababu zake, zisomwe mbele ya wote.

Wabillahi tawfiki.

KATIBU WA CHAMA